Nyika ya Kaskazini: Safari ya Salim bin Abakari Katika Siberia

Katika mwaka 1901 kilipigwa chapa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kilichoitwa Safari za Wasuaheli. Mkusanyaji wake alikuwa Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887. Wanaosimulia ndani ya kitabu hicho ni Waswahili wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari aeleza safari yake ya Udoe; Selemani bin Mwenye Chande aeleza safari ya bara; ipo pia habari ya safari ya Nyasa; na mwisho ipo habari moja ambayo haifanani na nyingine zote, nayo ni Safari yangu ya Urusi na ya Siberia, ya Salim bin Abakari. Msimulizi huyu alikuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja, Theodor Bumiller, na katika mwaka 1896 alifuatana naye mpaka katika nchi za baridi zilizo nyuma ya Urusi, akaona watu wa mahema na wachunga farasi.

Wanafunzi wa fasihi yetu wamezoea kuitaja habari hii kwa mshangao, kisha wakapita. Huonekana kama kioja: Mswahili katika theluji. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba si kioja, bali ni hati ya historia na ya lugha ambayo yapasa kusomwa kwa makini. Na kwamba sisi tukaao katika uwanda wa Mbozi, hapa Vwawa, tuna sababu yetu maalumu ya kuisoma. Sababu hiyo imo ndani ya neno moja, nalo ni nyika.

Neno nyika

Kamusi hueleza nyika kuwa ni nchi tupu, uwanda wa majani na miti michache, mahali pasipokaliwa. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayakusema ni tupu machoni pa nani. Mwenye kuzaliwa mahali haiti nchi yake nyika. Huiita shamba, malisho, mwitu wa kuwindia, kiwanja cha babu fulani. Anayeiita nyika ni yule apitaye, ambaye hakuona mji wala soko wala msikiti, akadhani hapana kitu. Basi nyika ni neno la mpita njia.

Watu wa pwani waliwaita Wanyika majirani zao wa nyuma ya Mombasa, nao walibaki na jina hilo katika vitabu kwa muda mrefu, hata katika miaka ya 1940 jina la Wamijikenda, walilojichagulia wenyewe, likaanza kushika mahali pake. Na hapa kwetu, wenyeji wa uwanda wa Mbozi ni Wanyiha. Jina lao limeandikwa na wageni kwa sura zote mbili, Nyiha na Nyika, na sikio la mtu wa pwani lisikiapo jina hili la pili halikosi kuisikia ile nchi tupu.

Lakini uwanda huu, ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, haukuwa tupu hata kidogo. Wanyiha walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga matanuri marefu ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, wakayajaza mawe ya chuma na makaa ya miti iliyochaguliwa, kisha kile kilichotoka wakakirudisha katika tanuri dogo ili kukisafisha kabla ya kukifua jembe. Kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake, dawa zake na miiko yake. Ndiyo nchi ambayo misafara iliipita baina ya maziwa mawili, Nyasa na Tanganyika. Kusini yake kidogo ilipita njia iliyoitwa kwa jina la Stevenson, tajiri wa Uskochi aliyetoa fedha ikatwe tangu mwaka 1881; na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliufuata mstari wa njia hiyo katika kuigawa nchi, ndiyo maana mpaka wapita Tunduma hata leo. Kadhalika kile kimondo cha chuma kilichoko mtelemkoni mwa kilima cha Marengi husemwa katika vitabu kuwa kiligunduliwa mwaka 1930. Mwaka huo ndio kilipoingia katika maandishi ya wageni. Lakini jiwe lilikuwa katika nchi yenye watu.

Mtu aliyezoea kuona nchi yake ikipewa sifa ya utupu na wapitao, akisoma habari za Siberia husoma kwa jicho jingine. Siberia nayo ni nyika kubwa katika fikira za walimwengu. Waulize wengi, watakwambia: baridi, theluji, wafungwa, na hapana kitu zaidi. Basi swali la kumwuliza Salim bin Abakari ni hili: je, naye alikuta nyika, au alikuta nchi?

Njia ya mwaka 1896

Ili tumwelewe msimulizi yatupasa kujua kwanza alifuatana na nani. Bumiller alikuwa msaidizi wa Hermann von Wissmann katika vita vya pwani vya mwaka 1889, vita ambavyo mwisho wake Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo. Wissmann huyo huyo ndiye aliyeongoza kazi ya kupeleka meli ya chuma katika ziwa Nyasa, vipande vyake vikipitishwa mito ya Zambezi na Shire, hata ikaelea ziwani mwaka 1893. Kwa hiyo bwana wa Salim alikuwa mtu wa vita na wa safari za kutwaa nchi, na jina la mkubwa wake limo katika historia ya nchi hii yetu ya kusini-magharibi. Msomaji wa Mbozi asidhani kwamba Siberia ya kitabu hiki na Nyasa ya kitabu hicho hicho ni mambo mawili yaliyo mbali. Zote mbili ni nchi za ndani, zilizokuwa zikivutwa kwa nguvu kuelekea miji mikuu ya mbali katika miaka ile ile.

Mwaka 1896 ulikuwa mwaka wa shangwe katika Urusi. Mwezi wa Mei mfalme Nicholas wa Pili alitawazwa Moscow, na katika Nizhny Novgorod, mji wa soko kuu kandokando ya mto Volga, yalifunguliwa maonyesho makubwa ya kazi na biashara za dola nzima. Reli ya Siberia, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1891, ilikuwa imekwisha kuuvuka mto Irtysh na kuelekea mto Ob. Mbele ya hapo safari ilikuwa ya meli za mitoni na magari ya farasi, na mwisho kupanda farasi wenyewe. Upande wa kusini wa nchi hiyo husimama milima ya Altai, ambayo kilele chake kikubwa, Belukha, chafika mita 4,506, kimevikwa theluji mwaka mzima. Mabondeni mwake na katika mbuga zilizoizunguka walikaa wafugaji: farasi, ng'ombe, kondoo, na ngamia wa nundu mbili.

Muundo wa masimulizi ya Salim ni ule ule wa habari za safari zetu. Wakati wa -ka- ndio uchukuao mzigo wote: wakaondoka, wakafika, wakaona. Msafara wa Bagamoyo na gari la farasi la Siberia vyaendeshwa na sarufi moja. Jambo hili lastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, kwa kuwa laonyesha kwamba Kiswahili kilipokutana na dunia ngeni hakikungoja kutengenezewa mtindo mpya. Kilikuwa nao mtindo wa kale wa watu wa misafara, nao ukatosha.

Wasafiri waliotangulia

Salim hakuwa Mwislamu wa kwanza kutoka nchi za jua kali kuieleza kaskazini. Katika mwaka 921 Ahmad ibn Fadlan alitoka Baghdad katika ujumbe wa Khalifa kwenda kwa mfalme wa Bulghar wa mto Volga, akafika mwezi wa Mei mwaka 922. Ameandika kwamba usiku mmoja aliingia hemani pamoja na fundi cherehani mtu wa Baghdad, wakazungumza kidogo wakingoja adhana ya isha. Mara wakasikia adhana, wakatoka, na kumbe alfajiri imekwisha kupambazuka. Alipomwuliza mwadhini, aliambiwa kwamba wao huisali isha pamoja na magharibi, kwa maana usiku ni mfupi mno. Hata katika karne ya kumi na tisa jambo hili lilikuwa bado likijadiliwa na maulamaa wa Kazan, na Shihabuddin Marjani aliandika kitabu juu yake. Mswahili aliyefika kaskazini katika kiangazi aliingia, kwa kujua au kwa kutojua, katika mjadala wa karne tisa.

Wa pili ni Ibn Battuta, ambaye twamjua sana kwa kuwa alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mtu huyo huyo, miaka michache baada ya kutoka Kilwa, alikuwa katika nchi ya Uzbek Khan, karibu na mto Volga. Huko alisikia habari za Nchi ya Giza, iliyo mwendo wa siku arobaini mbele ya Bulghar, ambako hapaendeki ila kwa magari yasiyo na magurudumu yavutwayo na mbwa juu ya barafu. Wafanya biashara, asema, huweka bidhaa zao chini na kuondoka. Kesho yake hukuta kando yake ngozi za wanyama wenye manyoya ya thamani, wala muuzaji na mnunuzi hawaonani. Ibn Battuta alitamani kwenda, kisha akaacha, kwa kuwa taabu ilikuwa nyingi na faida haba.

Hapa twaona jambo la maana. Kadiri msafiri alivyosikia bila kuona, ndivyo watu wa kaskazini walivyopotelea gizani, wakawa mikono tu iachayo ngozi. Ibn Fadlan, aliyefika na kukaa, atuletea mfalme, fundi cherehani, mwadhini na mazungumzo ya hemani. Ibn Battuta, ambaye habari ya Nchi ya Giza aliipokea kwa masikio, atuletea nyika isiyo na sura ya mtu. Salim bin Abakari ni wa kundi la Ibn Fadlan: alifika.

Baridi na maneno yake

Sasa natuiangalie lugha. Kiswahili ni lugha iliyozaliwa karibu na mstari wa ikweta, na alama ya kuzaliwa huko imo hata katika hesabu ya saa. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, na saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kuchwa. Hesabu hiyo yafaa mahali ambapo mchana na usiku hugawana sawa mwaka mzima. Katika Saint Petersburg mwezi wa Juni mchana una karibu saa 19, na usiku uliobaki si giza bali ni mwanga wa kijivu. Msemaji wa Kiswahili akisema huko "saa tatu ya usiku", jua bado lamwangaza usoni. Hapo lugha yenyewe yamkumbusha kwamba yuko mbali na kwao.

Neno la theluji nalo lina historia yake. Mwezi wa Mei mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, na juu yake weupe uliomeremeta. Alipomwuliza kiongozi wa njia ule weupe ni nini, mtu yule hakuwa na jina la kuupa. Alisema ni baridi tu. Wajuzi kadhaa wa jiografia katika London, ambao hawakuwahi kufika, walikataa kabisa kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta, na William Cooley akawa mkuu wa wakanushaji. Haikusadikiwa vema mpaka safari ya Karl Klaus von der Decken, aliyeanza kuupanda mlima huo mwaka 1861.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni la msamiati. Kiswahili kilikwisha kuwa na njia za kupata neno: theluji limetoka katika Kiarabu, na barafu asili yake ni Kiajemi, likatufikia pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Sakitu na jalidi nayo yamo katika kamusi kwa umande ulioganda. Lakini maneno hayo yalikuwa ya vitabuni na ya mabaharia. Yule aliyesimama mbele ya kitu chenyewe alitumia baridi, neno la mwili wake. Hakukosea. Alieleza kitu kwa kazi yake badala ya jina lake, kama lugha zote zifanyavyo zinapokutana na jambo jipya. Msimulizi wa Siberia alikuwa na mzigo ule ule, tena mkubwa zaidi. Hema ya manyoya ya kondoo yaliyolowanishwa na kushindiliwa hata yakawa kitambaa kizito, gari la kuburutwa juu ya theluji, misonobari isiyopukutika, maziwa ya farasi yaliyochachishwa, vyote hivyo vyataka maelezo marefu kwa Kiswahili. Na katika kueleza, msimulizi hulazimika kutazama. Mwenye neno tayari aweza kulitamka na kupita. Asiye nalo lazima aseme kitu kimetengenezwa kwa nini, na nani, na kwa kazi gani. Hivyo umaskini wa neno huzaa utajiri wa habari.

Funzo la pili ni la ushahidi. Katika habari ya Kilimanjaro, aliyekuwapo alikanushwa na asiyekuwapo, kwa sababu asiyekuwapo alikuwa na cheo cha elimu. Tusije nasi tukamfanyia Salim bin Abakari vivyo hivyo.

Majina ya watu

Miongoni mwa watu wa habari za Siberia za wakati ule wamo Wakalmuki, Wakirgizi na Watatari. Msomaji wa leo akiyachukua majina haya kama yalivyo atapotea njia.

Warusi wa karne ya kumi na tisa waliwaita Kirgiz watu ambao wenyewe hujiita Kazaki, wenye nchi ambayo leo ni Kazakhstan. Sababu moja ilikuwa kwamba jina la Kazaki lilifanana mno na jina la askari wapanda farasi wa Kirusi. Kosa hilo lilikaa katika vitabu vya serikali mpaka mwaka 1925 ndipo jina likarudishwa kwa wenyewe. Kadhalika wenyeji wa milima ya Altai waliitwa Wakalmuki, kana kwamba ni ndugu wa Wakalmuki wa mto Volga, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kimongolia. Sivyo, watu wa Altai husema lugha ya jamii ya Kituruki. Baada ya mwaka 1922 walipewa jina jingine, Oirot, na katika mwaka 1948 likafutwa, jimbo likaitwa kwa jina la milima. Watu wale wale, bonde lile lile, majina matatu katika muda wa maisha ya mtu mmoja, na yote matatu yametolewa na wenye kutawala.

Basi jina la kabila katika hati kama hii limepita mikono mingi: mtawala wa Kirusi alilitoa, msafiri wa Kijerumani alilipokea, mtumishi wa Kiswahili alilisikia, na mwalimu wa Berlin aliliandika. Mtafiti asimlaumu mkono wa tatu kwa kosa la mkono wa kwanza. Wanyiha wanaijua hali hii bila kufundishwa. Mtu aliyekuta jina lake limeandikwa Nyika katika ramani ya mgeni hahitaji maelezo marefu.

Watu hao wa Altai walikuwa na dini yao, yenye mganga apigaye ngoma na kupanda, kwa roho yake, mpaka kwa Ülgen aliye juu, au kushuka mpaka kwa Erlik aliye chini. Walitoa sadaka ya farasi, na ngozi yake wakaiangika juu ya mti mrefu. Walikuwa na wasimulizi wa tenzi ndefu za mashujaa, waimbao kwa sauti ya kooni huku wakipiga zeze la nyuzi mbili, usiku baada ya usiku. Mjerumani mwingine, Wilhelm Radloff, mzaliwa wa Berlin, alikuwa amekaa Barnaul tangu mwaka 1859 hata 1871, akakusanya hadithi na nyimbo za watu wa Kituruki wa pande hizo na kuanza kuzipiga chapa mwaka 1866. Mwangalie Radloff na Velten pamoja: mmoja aliandika maneno ya watu wa Altai, mwingine aliandika maneno ya Waswahili, na safari ya Salim ni mahali ambapo mikondo hiyo miwili ya elimu imekaribiana, Mswahili akiwaeleza watu wa nchi ya Radloff katika kitabu cha Velten.

Kufanana hakuishi hapo. Kanisa la Kirusi lilifungua kazi yake Altai mwaka 1830, na mwaka 1869 likatolewa kitabu cha sarufi ya Kialtai. Hapa Mbozi Wamoravia walifungua kazi yao mwaka 1899, na Traugott Bachmann akajifunza Kinyiha na kutafsiri Agano Jipya. Mahali pote pawili lugha ya watu walioitwa wa nyika ilipata herufi kutoka kwa wageni waliokuja kuibadili imani yao. Na mahali pote pawili herufi hizo baadaye ziliwafaa wenyewe kwa makusudi yao wenyewe.

Shahidi aliyekuwa mtumishi

Yabaki swali lililo gumu. Habari hii yaweza kusadikiwa kwa kiasi gani? Salim alisafiri kwa amri na kwa mshahara wa mwingine. Alisimulia kwa ombi la mwalimu wa Kijerumani, katika mwaka ambao nchi yake ilikuwa chini ya Wajerumani, na maneno yake yalipangwa na kupigwa chapa na wao. Wengine watasema basi hii si sauti yake, ni sauti ya bwana kwa Kiswahili. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa. Katika masimulizi ya aina hii hatutegemei kukuta shutuma juu ya bwana, na pale ambapo msimulizi ananyamaza lazima tujiulize kama alinyamaza kwa kutoona au kwa kuona zaidi.

Lakini hoja hiyo ikipelekwa mbali mno itatunyang'anya karibu maandishi yote ya nathari ya Kiswahili ya wakati ule. Amur bin Nasur aliyefundisha Berlin tangu mwaka 1891 hata 1895, na Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyefika huko mwaka 1900, nao waliandika chini ya jicho la wakubwa wa chuo kile. Dawa si kuyatupa maandishi, bali ni kuyapima.

Tena yako mambo ambayo mtumishi huyaona vizuri kuliko bwana. Bwana hukaribishwa sebuleni, akaambiwa hesabu za serikali. Mtumishi yuko jikoni na zizini; ndiye aulizaye maji yako wapi, nyama yapikwaje, farasi wa kubadili watapatikana lini. Bwana alipita Siberia akiwa mtazamaji; Salim, kwa ajili ya rangi yake, alipita akiwa mtazamaji na mtazamwa pamoja. Mtu anayekodolewa macho na mji mzima hujifunza jambo juu ya mji huo ambalo hakuna kitabu cha hesabu kitakachomweleza. Na miongoni mwa Watatari na Wakazaki, ambao ni Waislamu, alikuwa na mlango ambao bwana wake hakuwa nao: salamu moja, kibla kimoja, na maneno ya sala yanayojulikana pwani ya Afrika kama yajulikanavyo Kazan.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Mtu wa pwani wa zama zile alikuwa na mizani yake mwenyewe, uungwana upande mmoja na ushenzi upande wa pili, na katika Safari za Wasuaheli msomaji ataikuta mizani hiyo ikitumika juu ya watu wa bara bila haya. Mizani hiyo hiyo iliyowapima wazee wetu wa bara ndiyo aliyokuwa nayo Mswahili alipokwenda kuwapima watu wa Altai. Hapo ndipo msomaji wa Mbozi anapoguswa na jambo hili pande mbili: ni msemaji wa Kiswahili kama Salim, na ni mjukuu wa watu waliopimwa kwa Kiswahili kama Wakalmuki wa habari ile. Nadhani hiyo ndiyo nafasi bora ya kusomea kitabu hiki. Anayesoma kutoka Berlin humwona Salim tu kuwa mgeni wa ajabu. Anayesoma kutoka pwani humwona kuwa ndugu aliyefika mbali. Anayesoma kutoka nchi iliyoitwa nyika huwaona wote wawili, msafiri na mwenyeji, na hujua kwamba mwenyeji naye alikuwa na la kusema.

Neno la mwisho

Lakini kichwa cha habari kimehifadhi neno moja dogo lenye uzito: yangu. Safari yangu. Nauli ilikuwa ya Bumiller, njia ilichaguliwa na Bumiller, na hata kama kichwa kiliwekwa na mhariri, masimulizi yenyewe yamo katika nafsi ya kwanza. Lugha ilimpa mtumishi umiliki ambao mkataba wake wa kazi haukumpa. Aliyesimulia ndiye mwenye safari.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, habari hii itolewe upya kwa maandishi ya sasa, pamoja na sura ya chapa ya mwaka 1901 bila kupunguzwa, hata pale ambapo maneno yake yanatuchoma. Tafsiri ya Kiingereza aliyoiweka Lyndon Harries katika mkusanyo wake wa mwaka 1965 imewafaa wengi. Lakini si haki Mswahili akahitaji Kiingereza ili kumfikia Mswahili mwenzake. Pili, majina yote ya watu na mahali yaelezwe kwa majina ambayo wenyewe wanajiita, ili kosa la ofisi za Kirusi lisiendelee kuishi katika Kiswahili. Tatu, isomwe pamoja na habari ya safari ya Nyasa katika kitabu hicho hicho, na pamoja na masimulizi ya wazee wa Mbozi juu ya misafara iliyopita kwao, maadamu bado wako watu waliosikia masimulizi hayo kwa waliotangulia. Tangu mwaka 2016 Vwawa ni makao makuu ya mkoa wa Songwe. Shule ni nyingi, na vijana wenye kuweza kwenda kijiji kwa kijiji na daftari hawakosekani. Katika vijiji hivyo bado wako wanaoweza kueleza jinsi msafara ulivyoonekana kwa mtu aliyesimama kandokando ya njia, na tukiyapata maneno yao tutakuwa na kipimo cha kumpimia Salim bin Abakari ambacho Velten hakuwa nacho.